Jabiri wa Mtoni, Dereva Aliyejipandishia Bei

Saa kumi na moja alfajiri majogoo wa Kinondoni ndio kwanza wanajaribu sauti, na Jabiri bin Mwishehe ameshafika kwenye mlango wa tatu wa gari. Ana ndoo mbili za maji, kitambaa cha kusugulia na kitambaa cha kukaushia, na ole wake atakayevichanganya. Anaosha toka juu kuja chini: paa, vioo, milango. Akifika usawa wa magurudumu anasimama, anakamua kitambaa, anakianika juu ya ua wa makuti.

Chini ya gari haoshi siku hizi.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la kijivu, milango minne. Lina miaka minane, lakini ukiliona utaapa kwamba limeshushwa melini juzi. Mwenyewe ni Bwana Elinaza, kontrakta wa nyumba, mtu wa Upareni, ambaye saa hii yumo ndani anakunywa chai. Jabiri ni dereva wake huu mwaka wa pili. Kabla ya hapo aliliendesha gari hilihili kwa Mzungu mmoja wa Osterbei, na katikati ya mabwana hao wawili palikuwa na siku ambayo gari lilikuwa liwe la Jabiri mwenyewe.

"Watu huniuliza, mzee, mbona unaliangalia gari la watu kana kwamba umeibiwa wewe?" anasema. "Nawajibu, kumbe mnajua?"

Hacheki anaposema hivyo. Ni mtu mfupi, mkavu, wa miaka kama hamsini, na kofia yake ya kiua ni safi kuliko mashati ya wengi wetu tunaoandika magazetini. Ijumaa hii anaacha kazi. Habari ya jinsi alivyolikosa gari anaisimulia kidogo kidogo, huku akikausha vioo, kama mtu anayejitoa mwiba mguuni.

Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi huko Mtoni, na Jabiri naye angekuwa mkwezi kama si vita. Jeshi lilimchukua, likampa lori, likampeleka Uhabeshi kisha Burma. Mwaka wa arobaini na sita alirudi nyumbani na ujuzi wa udereva, kikohozi, na kiinua mgongo kidogo ambacho hakukigusa. Mwaka uliofuata akaajiriwa na Mzungu huyo wa Osterbei. Jina lake tumelihifadhi, maana yu hai huko kwao na mhariri wetu anapenda usingizi wake. Hapa tutamwita Bwana, kama Jabiri alivyomwita.

Mshahara ulikuwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi, chakula juu yako. Gari la kijivu lilikuwa jipya kabisa. Jabiri ndiye aliyelitoa bandarini, likiwa bado na harufu ya rangi.

Lakini shabaha yake haikuwa kuendesha gari la mtu mpaka azeeke. Alitaka gari lake mwenyewe, jipya, dogo la mizigo, la kuwachukua wachuuzi wa samaki na nazi kutoka Mtoni hadi sokoni Kariakoo. Wakati ule wachuuzi wale walikuwa wakitembea usiku na vikapu kichwani, na magari ya Waafrika katika barabara ya Kilwa yalikuwa ya kutafuta kwa tochi.

"Niliona riziki inapita miguuni pangu," anasema. "Imevaa kaniki, imebeba kikapu."

Swali lilikuwa lini anunue. Hapo ndipo alipoingia Apolinari, karani wa duka moja la magari mjini, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye miwani. Walijuana kwa sababu Jabiri ndiye aliyekuwa akilipeleka gari la Bwana kubadilishwa mafuta. Siku moja Apolinari alimvuta pembeni.

"Bwana Jabiri, mwisho wa mwaka usiguse gari," alimwambia. "Wenye kahawa na mkonge wana fedha, Wazungu wana sikukuu, kila mtu anataka kipya. Njoo masika. Barabara zimekuwa uji, nani anunue gari la kwenda kuzama nalo? Hapo mwenye duka mwenyewe atakuita shemeji."

Masika ya mwaka wa arobaini na nane ilinyesha kweli kweli. Jangwani palikuwa ziwa. Dukani kwa kina Apolinari palikuwa na magari madogo ya mizigo yaliyokosa wanunuzi, na bei ikashuka mpaka shilingi elfu sita. Kwa Mwafrika ilikuwa fedha taslimu au basi, maana duka halikumkopesha mtu mweusi bila kibali, na kibali hakikuwa kitu cha kuokota.

Kiinua mgongo na akiba havikutosha. Kilichobaki alikitoa mkewe, Tunu. Aliuza shamba lake la minazi, urithi wa mama yake, palepale Mtoni.

Tunu tulimkuta nyumbani, uani, anachoma vitumbua. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti inayofika barabarani, na hana haja ya kuulizwa mara mbili.

"Minazi ile mama yangu kaipanda kwa mikono yake," alisema. "Mie nikamwambia mume wangu, chukua, gari nalo ni shamba, litazaa. Nikauza wiki ile ile. Nikajifunga khanga nikangoja kusikia honi. Ehe! Nilisikia honi ya wenzangu."

Kilichotokea ni hiki. Fedha zilipotimia, Jabiri hakwenda dukani kwanza. Alikwenda kwa Bwana kuaga, maana alilelewa kwamba mtu haondoki kwenye nyumba ya watu kama paka. Alimkuta barazani, akavua kofia, akaeleza kwamba anataka kununua gari na kujitegemea.

Bwana alifikiri kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kuamrisha jikoni: "Wewe ngoja, Jabiri. Mwaka kesho mimi kwenda Ulaya. Gari hii mimi hapana chukua. Mimi uza wewe. Bei kidogo kidogo."

Jabiri aliliangalia gari la kijivu pale kivulini. Gari zuri kuliko lile la dukani, mikono yake inalijua, na tena kwa bei ya chini. Akajibu, "Ahsante, bwana. Bei ni yako."

Bei ni yako! Msomaji wa mjini atamcheka. Atauliza kwa nini hakutaja kiasi, kwa nini hakuomba hata kipande cha karatasi. Lakini pwani yetu, mtu mzima akikuahidi jambo mbele ya macho yako, kumwuliza "kwa kiasi gani?" ni kumwambia humwamini, na kumwomba karatasi ni kumtukana. Ahadi ni deni, na aliyeahidi ndiye mwenye kuona haya asipolipa. Jabiri alilelewa hivyo. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba Bwana naye alilelewa hivyo.

Basi akaanza kulitunza gari kama lake, maana moyoni lilikuwa lake. Magari ya Osterbei huoza mapema, hewa ya bahari huyala kwa chumvi chini kusikoonekana. Jabiri kila jioni alilala chali mchangani akaliosha chini kwa maji baridi ya bomba, akalikausha, akalipaka grisi. Viti vya ngozi alivipaka mafuta ya nazi, ya Tunu. Nta ya kung'arishia alinunua kwa mshahara wake, kwa sababu Bwana alikuwa mgumu wa kutoa. Kwenye mashimo alipita polepole mpaka Bwana akakasirika kwa kuchelewa.

"Nilikuwa nalitunzia nani?" anauliza sasa. "Nilikuwa najitunzia mie. Kila nikipaka grisi nasema, hii ya miaka yangu mitano mbele."

Mwaka kesho ulifika. Bwana hakwenda Ulaya, serikali yake ilimwongezea muda. "Ngoja," alisema. Mwaka wa hamsini Apolinari akaja mwenyewe mpaka Mtoni kwa baiskeli, jasho linamtoka. Magari ya mizigo ya umbo jipya yalikuwa njiani yanakuja, na ya umbo la zamani yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya kuyafagia dukani. Gari jipya, halijaguswa, kwa bei nafuu hata kuliko ya masika ile.

Jabiri alimshukuru, akamnywesha kahawa, akamwambia ameshaahidiwa.

"Nani kakuahidi?" aliuliza Apolinari.

"Bwana."

Apolinari alivua miwani akaifuta. "Bwana Jabiri, mie nafanya kazi kwenye duka. Sijaona bado gari likiuzwa kwa ahadi."

"Subira yavuta heri," Jabiri akamjibu.

Tunu alikuwa nyuma ya mlango, akaingia bila kubisha. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" alisema. "Minazi yangu inazaa kwa mtu mwingine, mie naipita njiani naona nazi zinaangushwa, na fedha yake imelala kwenye debe chini ya kitanda. Haizai hata dafu!"

Neno la Tunu lilikuwa kweli tupu. Lakini mtu akishangoja miaka miwili, kuacha kungoja ni kukubali kwamba miaka ile miwili aliitupa. Jabiri hakuweza. Akaendelea kulala chali mchangani kila jioni.

Mwaka wa hamsini na tatu Bwana aliondoka kweli, moja kwa moja. Masanduku yalifungwa. Jabiri alivaa kanzu ya Idi siku hiyo, akaliosha gari mara mbili. Debe lilikuwa limetolewa chini ya kitanda.

Asubuhi ile duka la magari lilimtuma fundi kuja kulitazama gari na kulikadiria bei, Bwana ndiye aliyewaita, na Apolinari aliandamana naye kuandika. Fundi aliingia chini na tochi, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeona jini.

"Hakuna kutu," alisema. "Gari la Osterbei, miaka sita, halina kutu! Hili ni jipya."

Akataja bei. Ilikuwa karibu na ile ambayo Bwana mwenyewe alilinunulia. Apolinari aliandika huku ameinamisha kichwa. Bwana alicheka kwa furaha, akampiga Jabiri begani.

"Jabiri, wewe mtu mzuri sana. Umetunza gari hii mzuri sana. Sasa yeye pesa nyingi! Wewe hapana weza."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na Jabiri alichutama palepale, ndani ya kanzu yake ya Idi. Bwana alimpa shilingi mia, barua ya sifa, na koti zito la sufu la kuvaa Ulaya wakati wa barafu. Koti, Darisalama! Tunu analo mpaka leo. Hufunikia sinia la unga wa vitumbua usiku ili uumuke.

"Linafaa," alituambia. "Unga unaumuka upesi. Miaka mitano mume wangu kaufanyia kazi mfuniko huu."

Apolinari hakulala vizuri baada ya siku ile, hivyo ndivyo anavyosema. Alisimama nasi nje ya duka, akazungumza kwa sauti ndogo ili wakubwa wake wasisikie.

"Chema chajiuza, wahenga walisema, nami niliona kwa macho," alisema. "Gari lile halikukaa dukani hata wiki. Kama Bwana Jabiri angelikuwa mvivu, kama angeliacha kutu ile kidogo tu, fundi angelishusha bei mpaka mkononi mwake. Bidii yake ndiyo iliyomnyang'anya."

Aliyelinunua ni Bwana Elinaza. Alihitaji dereva, na Apolinari, kwa huruma au kwa kutojua afanye nini tena, akamtajia Jabiri. Jabiri akakubali. Ukimwuliza kwa nini, atakuambia njaa haina aibu. Ukikaa kimya kidogo, ataongeza kwamba hakutaka mtu mwingine alivunje gia.

Bwana Elinaza si mtu mbaya, na hili Jabiri anasisitiza liandikwe. Kila asubuhi humwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mdogo kwake kwa miaka mingi, na mshahara hutoka tarehe yake. Lakini tangu gari lilipobadili mwenyewe, Jabiri hajalala chali mchangani tena. Anaosha kinachoonekana.

Siku ya pili ya mazungumzo yetu aliinama upande wa kushoto, akatuonyesha chini ya mlango wa nyuma. Palikuwa na doa la kutu. Lilipoanza, anasema, lilikuwa kama punje ya choroko, na sasa limekuwa kama senti kumi.

"Hiyo nailea," alisema. "Kila asubuhi naitazama. Nikasema safari hii na mie nitakuwa mjinga kama wengine. Nitaliacha lioze, bei ishuke, halafu nilinunue mie."

Ndivyo alivyofikiri kwa muda mrefu, na aibu ya wazo lile inaonekana usoni mwake mpaka leo. Akiba ilikuwa imepungua kwa maziko ya baba yake na kwa homa ya Tunu, na gari jipya la mizigo limepanda mpaka karibu elfu tisa. Huko barabara ya Kilwa wachuuzi hawatembei tena. Wenzake wana magari huko, na mmoja wao alinunua lile lile la umbo la zamani ambalo Apolinari alimletea habari zake kwa baiskeli.

Mwezi uliopita Jabiri aliamua kwamba masika ijayo, bei ikishuka, atanunua jipya, iwe iwavyo. Apolinari alikubali kumdhamini kwa sehemu iliyopungua, na kwa udhamini huo kibali cha mkopo kikapatikana. Lililobaki ni kungoja miezi michache tu mpaka mvua. Na kwa kuwa mtu hatoki kwenye nyumba ya watu kama paka, alimwendea Bwana Elinaza mapema kumpa habari.

Bwana Elinaza alisikitika kwa moyo wote. Alimkaribisha kitini, akamimina chai mwenyewe.

"Mzee wangu, haraka ya nini?" alisema. "Utajitia kwenye madeni bure. Ngoja. Mwakani nachukua gari kubwa, na hili nitakuuzia wewe, mzee Jabiri, wala si mwingine. Bei ya nyumbani."

Kijana wa watu alikuwa akisema kweli ya moyo wake, hilo Jabiri aliliona usoni. Na lile lililomtisha ni kwamba alijisikia anakubali. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni tayari: ahsante, bwana, bei ni yako.

Akaweka kikombe chini, akaaga, akapanda baiskeli mpaka dukani kwa Apolinari, akatoa arubuni ya gari jipya siku ile ile. Mwezi wa kumi na moja! Wenye kahawa wana fedha, sikukuu iko mlangoni, bei iko juu ya mnazi.

Apolinari alijaribu kumzuia, na yeye ndiye muuzaji. "Bwana Jabiri, nakusihi," alimwambia. "Mie mwenyewe nilikufundisha. Huu ni wakati mbaya kuliko yote. Ngoja masika, itashuka karibu shilingi elfu."

"Elfu hiyo naijua," Jabiri alimjibu. "Nimeshailipa mara nyingi. Masika ikifika atatokea mtu mwema mwingine aniambie ngoja, na mie nitangoja, najijua. Andika."

Tunu alipoambiwa bei hakupiga kelele, na hilo lilimwogopesha mumewe kuliko kelele. Alinawa mikono, akauliza kama kiti cha mbele kina nafasi ya mtu mnene. Akaambiwa inayo. Akasema vizuri, lakini siku ya kwanza wasipite ile njia ya minazi yake.

Mpango wa Jabiri sasa ni kubeba vitumbua vya Tunu na vikapu vya jirani zake mpaka Kariakoo alfajiri, kisha mizigo yoyote itakayopatikana, mpaka deni liishe. Anajua kwamba amechelewa na kwamba amelipa ghali. "Wakati mzuri wa kununua upo, wala si uongo," anasema. "Lakini ni wa mwenye kuweza kusubiri na kula. Mie nilisubiri tu."

Ijumaa imefika. Saa kumi na moja alfajiri yuko palepale Kinondoni, ndoo mbili, vitambaa viwili, paa, vioo, milango. Ufunguo uko mfukoni, anangoja Bwana Elinaza atoke amrudishie. Anafika usawa wa magurudumu, anasimama, anakamua kitambaa. Analizunguka gari kushoto, anainama kulitazama doa lake kwa mara ya mwisho.

Anatazama kitambo. Kisha anatukana, kwa sauti ya chini, tusi la jeshini. Anavua kofia anaitundika kwenye ua, anatoa kipande cha msasa na kopo la grisi chini ya kiti cha mbele, vitu ambavyo kumbe alikuwa navyo siku zote, na analala chali mchangani.

Anakwangua mpaka bati linang'aa. Anapaka grisi. Kwa kuwa yuko chini tayari, anasogea na kufuta upande wa pili pia, mwanzo hadi mwisho, kama zamani.

Bwana Elinaza anatokea mlangoni na kikombe mkononi. "Shikamoo, mzee Jabiri."

"Marahaba," inajibu sauti kutoka chini ya gari.

Bwana Elinaza anachuchumaa, anachungulia, na uso wake unajaa furaha ya kweli. "Aa, mzee wangu! Hata siku ya mwisho? Kwa kazi hii gari langu halitashuka bei kamwe."

Jabiri anatoka chini taratibu, mchanga mgongoni, grisi mpaka kwenye viwiko. Anampa ufunguo kwa mikono miwili. Kisha ananawa kwa maji yaliyobaki ndooni, anavaa kofia yake, anapanda baiskeli na kuelekea mjini kuchukua gari lake.